Unaacha kazi uwe rubani? Chagua chuo cha urubani kwa hatua hizi

"Kaka habari za kazi, nina miaka 34, niko benki, nimechelewa?" "Chuo gani pale Wilson ni cha bei nafuu?" "Nikisomea Marekani, leseni yangu itakubalika nyumbani?"

Maswali haya nimekuwa nikiyajibu mtu mmoja mmoja, mara nyingi usiku nikiwa nimeshavua sare. Leo nayaweka yote mahali pamoja. Nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Dar es Salaam kwa miaka 9, nikaenda kusomea urubani kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sasa naruka Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, kati ya Dar, Zanzibar na Mafia. Ninayokueleza nimeyapitia, na mengine yamenigharimu.

Kuhusu umri tumalize mapema. Kwenye ndege za abiria za kimataifa zenye marubani wawili, mwisho ni miaka 65. Ukianza na 34 au hata 38, bado una miaka mingi ya kazi. Wenzangu walioishia njiani wengi waliishiwa pesa, na pesa ziliwaishia kwa sababu chuo hakikuwarusha. Walikaa wakilipa kodi ya chumba Nairobi huku ndege ziko karakana. Kwa hiyo unapochagua chuo, swali lako kubwa liwe hili: hapa nitaruka mara ngapi kwa wiki? Anayeruka mara tatu au nne kwa wiki anajenga juu ya alichojifunza juzi. Anayeruka mara moja kwa wiki mbili hutumia nusu ya somo kukumbuka alichosahau, na kila dakika ya kukumbuka anailipia.

Leseni ni hizi. PPL ni ya rubani binafsi: unaruhusiwa kuruka lakini si kwa malipo. Viwango vya kimataifa vinataka angalau saa 40 za kuruka na umri wa miaka 17. CPL ni ya rubani wa biashara, hiyo ndiyo ya kukupa mshahara: saa 200, au 150 ukisoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa, na umri wa miaka 18. Juu yake huja kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, yaani IR, na kibali cha ndege za injini mbili. ATPL ya rubani kiongozi wa ndege kubwa inataka saa 1,500, na hizo utazipata ukiwa kazini. Kumbuka hizo ni idadi za chini. Mtu mzima mwenye mawazo ya ada za watoto kichwani akimaliza PPL kwa saa 50 au 60, hana sababu ya kuona aibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, na vyeti vyako vya shule. Vyuo vingi huangalia hesabu, fizikia na Kiingereza. Kiingereza chenyewe utapimwa, na kiwango cha chini cha kimataifa ni cha 4.
- Pesa taslimu za kukufikisha mwisho wa PPL, za kuishi miezi 6, na robo ya ziada juu ya jumla hiyo. Ahadi ya mjomba usiihesabu mpaka iingie benki.
- Mazungumzo yaliyokamilika na mwenzi wako. Kama nyumbani hawajui kwamba mwaka mzima utakuwa huingizi kitu, bado hujaanza.
- Daftari moja la karatasi. Kila chuo kipe kurasa zake, uandike tarehe, jina la uliyeongea naye na alichokuambia.

Hatua ya 1: Pima afya kwanza, lipa ada baadaye

Nenda kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, UCAA kwa Uganda. Omba cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, hata kama chuo kinakuambia la Pili linatosha kuanzia PPL. Ni kweli linatosha kuanzia, lakini wewe unaacha kazi ili uajiriwe, na mwajiri anataka la Kwanza. Afadhali ulijue tatizo leo ukiwa bado na mshahara.

Miwani haikuzuii. Kinachotazamwa ni uwezo wa kuona ukiwa umeivaa: 6/9 kwa kila jicho peke yake na 6/6 kwa yote mawili. Kinachowashtua watu ni kipimo cha rangi, ile kurasa ya vidoto yenye namba iliyofichika ndani. Wapo waliofika miaka 30 bila kujua kwamba nyekundu na kijani vinawachanganya.

Onyo: usifiche ugonjwa wala dawa unazotumia. Cheti kilichopatikana kwa uongo kinaweza kufutwa, na ukiwa umeshatumia akiba yako yote hutakuwa na pa kurudi.

Hatua ya 2: Amua utafanya kazi wapi, ndipo uchague pa kusomea

Watu huanza na nchi inayovutia. Anza na anga utakayofanyia kazi. Ukitaka kuruka Tanzania, leseni yako ya mwisho lazima iwe ya TCAA au itambuliwe nao. Ukisoma nje utarudi na kazi ya kuibadilisha: mamlaka iliyoitoa lazima ithibitishe kwamba ni halali, utafanya mtihani wa sheria za anga za nyumbani, na mara nyingi utaruka na mtahini. Nenda ofisi za mamlaka ya kwenu kabla ya kuondoka, waulize masharti ya kubadilisha leseni ya nchi unayoitaka, na uombe jibu la maandishi.

Afrika Mashariki njia ni chache lakini zipo. Wilson ndiyo yenye vyuo vingi mahali pamoja. Soroti, Uganda, kuna chuo cha siku nyingi kilichoanza mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji nacho kimeingia kwenye mafunzo ya urubani. Wengine huenda Addis Ababa au Afrika Kusini.

Marekani ina ndege nyingi na mafuta ya avigesi (petroli ya ndege ndogo) kwa bei nafuu kuliko kwetu, lakini mgeni anahitaji viza ya mwanafunzi na kibali cha usalama cha serikali kabla ya kuanza kuruka, na kwa viza ya M-1 wanayopewa wanafunzi wengi wa urubani huruhusiwi kufanya kazi ya pembeni ukiwa masomoni. Halafu angalia hesabu yao ya saa: CPL kwa njia ya kawaida inataka saa 250, na 190 kwa chuo cha mtaala ulioidhinishwa. Tangazo linalokuonyesha bei ya saa moja tu linakuficha hapo.

Hatua ya 3: Chukua orodha kwa mamlaka, si kwenye matangazo

Mamlaka ya usafiri wa anga ina orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Angalia mambo mawili: idhini haijaisha muda, na inahusu kozi unayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya PPL lakini si ya IR. Kikikuambia "tuko mbioni kuipata", wewe kiandike daftarini kwamba hakina. Kutoka kwenye orodha hiyo chagua vitatu. Zaidi ya hapo utachoka, na uchovu ndio huwafanya watu walipe ada kwenye chuo cha mwisho walichotembelea.

Hatua ya 4: Nenda asubuhi, siku ya kazi, bila miadi

Hatua hii usiiruke, hata kama itakugharimu nauli ya basi la usiku.

Mara ya kwanza nilienda kwa miadi. Nilipokewa na dada mwenye tabasamu, nikanyweshwa chai, nikaonyeshwa simuleta, yaani mashine ya kuigiza kuruka, na picha za wahitimu ukutani wakiwa na mabega yenye mistari. Nilitoka pale nimeshaamua. Wiki mbili baadaye nikalipa karibu nusu ya ada yote kwa mkupuo, kwa sababu walinipa punguzo. Siku ya kwanza ya masomo ndipo nilipopelekwa zilikoegeshwa ndege. Mbili kati ya nne zilikuwa na vumbi zito kwenye kioo cha mbele. Kitambaa chekundu cha kufunika bomba la kupimia kasi kilikuwa kimepauka kwa jua mpaka kimekuwa cha waridi. Moja ilikuwa imekalia tairi lisilo na upepo, na majani yameota kando yake. Ya tatu ilikuwa inasubiri injini. Niliruka saa 11 kwa miezi minne.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyenifundisha namna ya kuangalia, nikiwa nimeshaumia. Alinichukua saa nne asubuhi, akaniambia, "Mwanangu, weka kiganja hapa," kwenye bati la juu ya injini. Ya kwanza baridi. Ya pili baridi. Saa nne, anga safi, na hakuna injini iliyowashwa tangu alfajiri. Tukavuka kwenda kwa jirani, mkono wangu ukaruka kwa joto. Chuo hicho cha pili ndicho nilichohamia.

Kwa hiyo ukifika, omba kuona ndege kabla ya darasa, na angalia haya:

- Ngapi ziko nje na zinaruka leo? Zilizo ndani ya karakana zimekaa muda gani?
- Ubao wa ratiba unasemaje? Majina yaliyofutwa ni mangapi, na sababu ni hali ya hewa au ndege?
- Nani anazitengeneza? Ndege za mafunzo hukaguliwa kila saa 50 na saa 100. Chuo chenye mafundi wake au mkataba wa karibu hurudisha ndege kwa siku chache. Kinachopanga foleni kwa mtu mwingine husubiri wiki.
- Avigesi ipo? Mafuta haya huadimika kwetu, na yakikatika ndege nzima nzima zinalala chini. Baadhi ya vyuo vina ndege za injini za dizeli zinazotumia mafuta ya ndege kubwa, na hilo ni jambo la kuuliza.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya ndege kwa wanafunzi

Hesabu hii ni ya darasa la tano, lakini sijaona mtu akiifanya kabla ya kulipa. Chukua ndege zinazoruka kweli, zidisha kwa saa 5 za kuruka kwa siku, zidisha kwa siku 6. Gawanya kwa wanafunzi walio kwenye hatua ya kuruka.

Chuo chenye ndege 3 kinapata saa 90 kwa wiki. Kikiwa na wanafunzi 60, kila mmoja ana saa moja na nusu. Saa 200 utazimaliza baada ya wiki 133, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu. Chuo hicho hicho kikiwa na wanafunzi 20, kila mmoja ana saa 4 na nusu, na unamaliza ndani ya mwaka. Kisha toa kidogo kwa ajili ya masika ya Machi hadi Mei, na mawingu ya chini ya Nairobi asubuhi za Julai na Agosti.

Sasa linganisha bei. Kwa mfano wa namba tu: chuo cha kwanza kinatoza shilingi za Kenya 20,000 kwa saa, unaruka kwa kusuasua na kumaliza PPL kwa saa 62. Umelipa 1,240,000. Cha pili kinatoza 24,000, unaruka mfululizo na kumaliza kwa saa 45. Umelipa 1,080,000, na umeokoa kodi ya miezi kadhaa.

Jambo jingine la Wilson: uwanja una shughuli nyingi, na saa unayolipia huhesabiwa tangu injini inapowashwa. Ukisimama dakika 15 kwenye foleni ya kuruka, umelipa dakika 15 za kukaa. Uliza chuo kinafanyia wapi mazoezi ya kupaa na kutua. Wengine huwapeleka wanafunzi Orly, upande wa Kajiado, ambako msongamano ni mdogo. Kwa upande mwingine, kujifunzia karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ikiwa nyepesi na ndege ikihitaji barabara ndefu kupaa, kulinifundisha kuheshimu joto na uzito. Nashukuru kwa hilo kila ninapobeba abiria.

Hatua ya 6: Ongea na wanafunzi mwenye chuo akiwa hayupo

Kaa kwenye mgahawa wanakokula. Tafuta watatu: aliyeanza juzi, aliye katikati na anayekaribia kumaliza. Usiwaulize kama chuo ni kizuri, maana kila mtu hutetea alipolipia. Waulize vitu vyenye namba. Mwezi uliopita umeruka saa ngapi? Umebadilishiwa wakufunzi wangapi? Mtahini ulimsubiri muda gani? Uliwahi kudai kurudishiwa pesa, ilikuwaje?

Waulize pia kuhusu usalama. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Tunaoruka huku hatuwezi kulisema jambo hilo haraka haraka. Uliza chuo kilikaa na wanafunzi kuzungumza nini baada ya siku ile, na kilibadilisha nini. Uliza kama mwanafunzi anaweza kukataa kuruka kwa sababu ya mawingu bila kugombezwa. Jibu la swali hili la mwisho msikilize mwanafunzi, kisha mtazame na uso.

Hatua ya 7: Ruka nao saa moja

Lipia somo moja la majaribio kwenye kila chuo, na mkufunzi awe yule atakayekufundisha. Je, mlizunguka ndege pamoja mkikagua, au alikuambia "panda twende"? Alitumia orodha ya ukaguzi kwa mkono au kwa kichwa? Aliuliza uzito wako? Alikuachia usukani? Mkitua, alikaa nawe hata dakika 10 kukueleza ulichofanya? Mkufunzi anayepiga kelele angani ukiwa mgeni wa kulipa atapiga zaidi ukishakuwa mwanafunzi.

Hatua ya 8: Bei iandikwe, kipengele kwa kipengele

"Kozi nzima ni kiasi fulani" si bei. Omba karatasi inayosema saa ngapi za ndege, saa ngapi za mkufunzi, na saa ya ziada itatozwa kiasi gani. Je, mafuta yamo, na yakipanda bei nani analipa? Ada za kutua na za kuegesha? Kodi? Ada za mitihani ya mamlaka, ada ya mtahini, na ndege ya siku ya mtihani? Vitabu, ramani, vipokea sauti, sare? Ukishajumlisha hivyo, chuo kilichoonekana rahisi mara nyingi hupanda juu ya wenzake.

Onyo: chuo kinachokuahidi ajira baada ya CPL, omba kiandike kwenye mkataba jina la mwajiri na masharti. Sijawahi kuona kikiandika. Wahitimu wapya wenye saa 200 ni wengi kuliko viti vilivyopo, na wapo waliokaa mwaka mzima wakitafuta. Wengine huchukua kibali cha ukufunzi, wanafundisha huku wakikusanya saa. Hiyo ni njia ya heshima, na mimi ndiyo iliyonifikisha kwenye Caravan.

Hatua ya 9: Lipa saa kumi kumi

Usiweke kwenye akaunti ya chuo zaidi ya thamani ya saa 10 kwa wakati mmoja. Punguzo la kulipa yote linavutia, mimi lilinivutia. Lakini chuo kikifungwa, wewe ni mdai kama wadai wengine, nyuma ya benki. Hata Uingereza, mwaka 2023, vyuo vilifunga milango wanafunzi wakiwa wameshalipa. Lipa kwa benki, pata risiti yenye jina lako, na mkataba useme pesa ambazo hazijatumika zitarudishwa ndani ya siku ngapi.

Kuacha kazi je? Kama unaishi karibu na chuo na unaweza kuruka mara tatu kwa wiki, fanya PPL ukiwa na kazi, hata kwa kutumia likizo. Ukishaipata na moyo bado uko pale pale, andika barua ya kuacha kazi. Kama huwezi kuruka mara tatu, endelea kuweka akiba, na usiku soma nadharia: hali ya hewa, sheria, uongozaji wa ndege. Hizo hazihitaji avigesi.

Mambo yakikwama

Ndege imesimama zaidi ya wiki mbili. Andika barua kwa mkufunzi mkuu, uliza tarehe ya kurudi na ndege mbadala. Hakuna jibu la maandishi ndani ya wiki? Acha kulipa, anza kudai salio.

Saa 25 na bado hujaruka peke yako. Huenda ni kawaida yako. Omba kuruka mara moja na mkufunzi mkuu, akuambie wazi ni kitu gani kinakosekana. Mara nyingi ni kimoja tu, kwa mfano macho yanayotazama pua ya ndege badala ya mwisho wa barabara wakati wa kutua.

Kila somo mkufunzi mpya. Omba wawili wa kudumu. Ikishindikana, hiyo ni sababu tosha ya kuhama.

Pesa zinaelekea kuisha. Simama kwenye kituo: baada ya PPL, si saa 30 za njiani. Ukiwa na leseni mkononi unaweza kuendelea nayo ukipata pesa, lakini saa za nusu kozi utazirudia nyingi. Mitihani ya nadharia nayo ina muda wake wa kuhesabika. Uliza mamlaka unaisha lini kabla hujaondoka.

Unahama chuo. Kabla ya kusema unahama, hakikisha kitabu chako cha saa kimesainiwa ukurasa kwa ukurasa na una nakala ya kumbukumbu zako za mafunzo. Mimi nilisahau ukurasa mmoja. Ulikuwa na saa 3 na dakika 40, mkufunzi aliyezifundisha alikuwa ameshahamia nchi nyingine, na chuo kipya hakikuweza kuzihesabu. Nilizilipia tena.